Programu Iliyogoma Kutoka

Fundi aligonga meza kwa kiganja mpaka misumari midogo ikaruka kwenye kopo lake.

"Limekataa tena!"

Kwenye skrini ya kompyuta mpakato kulikuwa na dirisha jekundu lenye mstari mmoja tu: *Ingiza nywila ili kuondoa ulinzi.* Ukilifunga, baada ya dakika mbili linarudi na kelele zake, limeziba kila kitu.

"Ndilo hilo hilo," alisema mteja, mwanamume wa makamo aliyevaa shati la mistari, akasonya. "Siku ya nne leo linanitesa. Nimejaribu kulifuta, limegoma. Nikaweka antivairasi nyingine, nayo ikasema ya zamani itoke kwanza. Ya zamani haitoki, mpya haiingii. Mimi nimechoka, fundi."

"Paswedi yake?"

"Aliniwekea ndugu yangu. Kasafiri, hapatikani."

Mtaani fundi huyu aliitwa Bisibisi, na sifa yake ilikuwa upole. Wazee walimletea simu zilizoingia maji, walimu printa zilizomeza karatasi, naye alitaniana nao huku vidole vikifanya kazi. Leo utani ulimkauka. Tangu alipolitia machoni lile dirisha jekundu damu ilikuwa inamchemka, na kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: mteja huyu asitoke dukani na kompyuta hii. Asitoke kabisa.

Mteja naye alishaanza kuangalia nje. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka jipya la fundi mwingine, kioo mbele na taa tele.

"Ukishindwa sema tu, mama, tusipotezeane muda. Yule pale nasikia ni mkali."

"Kaa."

"Nasema tu..."

"Nimesema kaa, kaka. Sijashindwa na antivairasi tangu nifungue duka hili, na siyo leo nitakapoanza."

Ilimtoka kwa ukali kiasi kwamba mteja alikaa bila kujua amekaa.

Bisibisi aliizima kompyuta, akaiwasha kwa ile njia ya mafundi inayoacha programu nyingi zimelala. Antivairasi ilikuwa macho. Akaingia kwenye folda yake kuifuta faili moja moja, ikamjibu hana ruhusa. Akaandika neno kwenye kisanduku cha nywila, silo. Akaandika jingine, silo. Kila kisanduku kilipomkatalia alipumua kwa pua kama mtu aliyebeba gunia.

"Aliyeiweka hii alijua anachofanya," alisema.

"Aliyeiweka ana wazimu! Kompyuta yenyewe ya kuandikia tu, unaifungia namna hiyo kwa sababu gani?"

Ukucha wa Bisibisi ulikuwa unakwangua gundi iliyobaki juu ya mfuniko, pale palipokuwa na stika iliyobanduliwa. Alikwangua mpaka ukucha ukauma.

Feni ya mezani ilizima ghafla. Waya wake ulikuwa umechomoka tena, basi akakata kipande cha utepe wa kijani, akaufunga kwa hasira, feni ikarudi. Kisha akaichomeka chaja ya mteja, maana betri ilikuwa inaishiwa. Chaja nayo ilikuwa imezungushiwa utepe wa kijani shingoni. Akaiweka polepole, kana kwamba ingevunjika.

"Kuna kifaa cha kazi hii," alisema. "Sina hapa. Namwandikia mtu akilete."

Akachukua simu, akaandika ujumbe. Akafuta, akaandika upya, akatuma.

"Itachukua muda gani?"

"Si muda."

"Mbona una hasira hivyo, mama? Kompyuta ni yangu, presha iwe yako?" Mteja alicheka peke yake.

"Nina mgonjwa nyumbani. Mwanangu kavunjika mkono."

"Pole sana. Kaanguka?"

"Kaanguka ngazini."

"Watoto bwana, na michezo yao. Atapona tu."

Bisibisi aliibana bisibisi yake mkononi hadi vifundo vikageuka rangi. Kwa nukta chache alitamani kuirusha, na alijua kabisa angeirusha wapi. Akaiweka chini. Akaizima kompyuta, akaiwasha tena, akaandika neno jingine ambalo silo. King'ora cha antivairasi kikalia.

Mteja alisimama. "Basi. Nipe mzigo wangu, naenda ng'ambo."

"Dakika tano."

"Ulisema hivyo tangu nilipoingia! Nipe!"

Akaishika kompyuta upande mmoja. Bisibisi akaishika upande wa pili, wakavutana juu ya meza, kopo likaanguka na misumari ikatawanyika sakafuni. Mwanamke mzima anang'ang'ania mali ya mteja, wapita njia wakasimama kutazama. Hakuona haya hata kidogo.

"Una kichaa wewe mama? Achia!"

"Siachii!"

Mlango ukafunguliwa. Waliingia askari wawili, na nyuma yao binti wa miaka ishirini na kitu, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Binti alimtazama yule wa shati la mistari, akarudi nyuma hatua moja.

"Ndiye huyu, mama. Ndiye aliyenisukuma ngazini akaondoka na begi langu lenye kompyuta."

Mteja aliachia kompyuta. Bisibisi akaigeuza imwelekee, na bila kuangalia vitufe akaandika nywila aliyoiweka kwa mkono wake mwaka jana. Dirisha jekundu likatoka papo hapo.