Saladi ya Maji Matatu

Bi Somoe aliyaosha majani ya saladi kwa maji matatu nyumbani kwake, akayakausha kwa kitambaa safi, akayatia mfukoni kumpelekea mwanawe, Hemedi. Mkwewe, Zulfa, akaupokea mfuko kwa heshima zote, akayamwaga majani kwenye beseni, akafungulia bomba.

"Nimeshayaosha, mwanangu," alisema Bi Somoe.

"Najua, mama. Naongeza tu."

Akayaosha kwa chumvi, akayarudia kwa siki, mpaka yakalegea. Kisha akatoa kwenye friji mfuko mwingine wa majani, wa dukani, akaukata kwa mkasi na kuyamimina moja kwa moja kwenye sahani.

"Na hayo je, huyaoshi?"

"Haya yameshaoshwa, mama. Wameandika hapa."

"Kayaosha nani?"

"Si hao wa kiwandani."

"Unawajua?"

Zulfa akacheka kidogo. "Mama nawe! Watu wazima waandike uongo?"

Bi Somoe akaitazama mikono yake, iliyomwogesha Hemedi na kumlisha mpaka akaota ndevu.

Hemedi alipoketi mezani alikuta sahani mbili za majani, mama yake kushoto na mkewe kulia, wote wakingoja kuona mkono wake utakwenda wapi. Alizitazama sahani zote mbili, akajipakulia wali peke yake, akaula mkavu hivyo hivyo. Haukupita muda, tonge likamkwama kooni. Wanawake wale wakalidaka jagi la maji kwa pamoja, na hakuna aliyeliachia.