Doa Ndani ya Rangi ya Kucha

Evelina alishalikamata shina la mpunga wa mbegu mpya, tayari kuling'oa. Majani yalikuwa na madoa ya kahawia, kama yale yaliyounguza shamba la jirani.

"Hebu kwanza, mama watoto," mumewe alimzuia. "Lile doa ulilolizungushia rangi ya kucha Jumapili, limetanuka?"

Evelina akainama. Ndani ya duara jekundu doa lilikuwa limekauka, dogo vilevile kama kichwa cha kiberiti. Nje yake jani lilikuwa kijani kibichi.

"Halijavuka! Kumbe mpunga umemsikia adui, ukajichoma pale pale alipoingia, kama tunavyochoma nyasi kuzunguka nyumba moto wa pori usifike!"

Akaliachia shina, akapiga kigelegele. Mumewe anageuka, Evelina ameshavuka tuta, anaita: "Jirani! Mbegu ya mwakani umeshapata!"