Kiti cha Mbele

Kinyozi aliingia chumbani bila hodi, akapiga magoti na kutazama chini ya kitanda.

"Redio iko wapi?"

"Ameondoka nayo mke wangu," alijibu fundi viatu. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mikono mapajani, kama mtu aliyewekwa rumande.

"Na simu?"

"Hiyo hapo. Nimeizima."

Kinyozi aliigeuzageuza simu, akainua mto, akafungua kabati la nguo. Jasho lilikuwa likimtiririka. Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni, hakuna bao, na sare isingewasaidia kitu.

"Basi sielewi," alisema. "Mpira haukubali kuingia kabisa. Nikasema lazima huyu bwana anasikiliza kwa siri."

"Sijasikiliza. Nimekaa hapa natazama ukuta wangu."

Ndipo mtaa mzima ukalipuka. Sufuria ziligongwa, honi zikalia, mtu akapita dirishani akiimba jina la timu. Kinyozi alichomoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Fundi viatu hakuinuka. Filimbi ya mwisho ilikuwa bado, na masharti ni masharti.

Masharti hayo aliyaweka kinyozi, mwenye saluni na mwenye televisheni. Tangu mzunguko wa pili uanze, kila mechi aliyoitazama fundi viatu pale saluni, timu yao ilifungwa au ilitoka sare. Alipougua tumbo akalala nyumbani, ikashinda. Hukumu ikatoka: fundi ana mkosi. Mechi ikichezwa akae kwake, asione wala asisikie, mpaka mpira uishe.

Kukaa nyumbani angevumilia. Kilichokuwa kinamla ndani kwa ndani ni kiti. Kiti cha mbele kabisa, usawa wa televisheni, yeye ndiye aliyekivika ngozi kwa mikono yake, ili akikalie yeye. Sasa alikikalia shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu aliyeanza kupenda mpira juzi tu, ambaye mpaka leo haelewi kuotea ni nini.

"Unakionea wivu kiti?" mkewe alikuwa amemuuliza asubuhi.

"Sina wivu. Nasema tu kiti kina mwenyewe."

"Basi nenda ukamwambie kaka yangu."

Hakwenda.

Mpira ulipokwisha, alivaa viatu vyake akaenda saluni. Hakukuwa na pa kukanyaga. Shemeji yake alikuwa amebebwa juu juu, kichwa kikikaribia kugonga feni, watu wakimwita Nyota Njema. Mtu alimshikia soda yake, mwingine alimpepea kwa taulo. Yote hayo kwa sababu alikuwa amekaa.

Mbele ya kioo, kinyozi alikuwa akisimulia bao, mkasi mkononi. Krosi ilitoka kushoto, mshambuliaji akapanda hewani peke yake, kipa akaanguka kama gunia la mkaa. Alipofika kwenye kipa watu walicheka, naye akarudia tena.

Fundi viatu alisikiliza kama mwenye njaa anayesikia harufu ya jikoni kwa jirani. Timu hii aliifuata tangu ikiwa daraja la chini, akisimama kwenye mvua uwanjani pamoja na watu wachache wasio na miavuli. Leo bao kubwa la msimu mzima anasimuliwa, kama harusi ambayo hakualikwa.

"Lilikuwa bao tamu, shemeji," alisema Nyota Njema aliposhushwa. "Pole sana."

Ile pole ilimchoma kuliko kutukanwa.

Akasafisha koo. "Jamani. Jumamosi ndiyo ya mwisho. Tukishinda, ubingwa ni wetu. Naomba nirudi. Sitaki kiti. Nitasimama hata pale mlangoni."

Kelele zilipungua. Watu wakaangaliana.

"Fundi, sisi tunakupenda," alisema muuza maji. "Lakini tunakupenda ukiwa mbali."

Walicheka, na shemeji yake alicheka pamoja nao.

Kinyozi aligonga mkasi kwenye meza. "Hapa hatubadilishi kitu. Jumamosi kila mtu awe pale pale alipokuwa bao lilipoingia. Aliyekuwa amesimama asimame. Muuza maji, ulikuwa umekalia ndoo, utaikalia tena, na kama ni kupasuka ikupasukie."

"Nitaikalia."

"Fundi, ulikuwa nyumbani. Utakuwa nyumbani."

Fundi viatu alimtazama shemeji yake aliyekwisha kurudi kitini, miguu ameinyoosha, akiipapasa ngozi ile kwa kiganja kana kwamba ni mgongo wa ng'ombe wake. Alitamani msumari uchomoze pale pale.

"Haya tuape," kinyozi aliendelea. "Nami naapa nikiwa wa kwanza. Atakayetoka mahali pake, awe nani, saluni hii asiikanyage tena."

Wote wakaapa. Fundi viatu aliapa mwisho, kwa sauti ya mtu anayetia saini kifungo chake. Akageuka aondoke, machozi yasije yakamtoka mbele ya watu.

"Ila mimi nina swali," alisema shemeji yake kutoka kwenye kile kiti, akikuna kidevu. "Krosi ilipopigwa niligeuka nikuulize kama ile ni kuotea, nikakukosa. Wewe kinyozi, bao lilipoingia ulikuwa wapi?"

Jumamosi, kabla mpira haujaanza, mwenye televisheni alifika nyumbani kwa fundi viatu, kichwa chini, amebeba kigoda.