Askari Aliyemtobolea Adui Njia

Katika kichuguu kimoja, askari mchwa aitwaye Chonge alilinda chumba cha kulishia watoto. Alikuwa na kichwa kigumu kama kokoto na hasira za karibu. Siku moja akamfumania Mlafi, mchwa aliyezaliwa humo humo, akila chakula cha watoto bila kukoma na kuzaa walafi kama yeye.

"Leo utanitambua!" akafoka Chonge.

Mlafi akajibanza ukutani. "Nipige basi, bwana mkubwa!"

Chonge akapiga kichwa, ukuta ukatoboka, Mlafi akapenya huku akicheka. Chonge akatoboa wa pili, wa tatu, vumbi likatimka! Alijiona shujaa kweli kweli, mpaka Bi Mwanana, mlezi wa watoto, alipomkimbilia akitweta.

"Mwanangu, tazama nyuma! Walafi wamejaa ghalani, wamejaa kwenye shamba letu la uyoga. Nani amewatobolea njia?"

Chonge akageuka kutazama. Ukuta mmoja tu ulikuwa umebaki, na nyuma yake alilala malkia.

"Nipige, mwoga wewe!" Mlafi akamchokoza, ameuegemea ukuta huo huo.

Safari hii Chonge hakupiga. Alirudi nyuma mbio, akachomeka kichwa chake katika tundu alilotoboa mwenyewe, likazibika kabisa.

"Jamani, zibeni yote!" akapaza sauti.

Askari wenzake wakaziba mengine kwa vichwa vyao. Walafi wakakosa pa kutokea, wakakamatwa chumba kwa chumba. Wa mwisho alikuwa Mlafi, bado anamtukana Chonge. Chonge hakuchomoa kichwa tunduni. Kichwa kilikuwa kazini.