Fremu ya Mlango wa Kwetu

Wakili wa serikali alikuwa bado anasema kwamba sisi vijana saba tuna hasira tu, ushahidi hatuna, nilipomwona baba akiingia mahakamani kwa ubavu, begani kabeba fremu ya mlango wa nyumba yetu.

Baba ni seremala. Aliing'oa asubuhi ile, misumari bado imechomoza.

"Baba, na nyumba je?" nilinong'ona.

"Mama yako kasimama mlangoni. Nani atathubutu kupita?"

Nilicheka huku machozi yakinilengalenga. Mwaka mzima nilihangaika na kesi hii, kwamba serikali kupuuza mabadiliko ya tabianchi ni kutunyima haki ya kuishi, naye hakusema neno. Nilidhani ananiona napoteza muda.

Jaji alivaa miwani, akaiinamia fremu. Upande wa kushoto baba alikuwa amepima kimo changu kila mwaka kwa penseli yake ya kazi. Upande wa kulia alitia alama kila mafuriko yalipofikia. Kila mstari una tarehe.

"Huu?" jaji aliuliza, kidole kikiwa kushoto.

"Ni mimi, mheshimiwa. Miaka sita."

Kidole kikavuka kulia kutafuta mwaka uleule. Kikapanda. Kikazidi kupanda.

"Haya ni maji?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa wewe ulikuwa wapi?"

Nilimgeukia baba, aliyekuwa akijipangusa vumbi la mbao begani.

"Hapo, mheshimiwa," nikasema. "Hapo hapo anapopangusa."