Masikio Mazima

Kiberiti kilitikiswa nyuma ya kisogo cha Masele.

"Nini hicho?" aliuliza Bwana Mashimba.

"Kiberiti, bosi. Na njiti zenyewe si nyingi."

Violeth, karani, alicheka. Mashimba akarudi nyuma, akakwaruza ukuta kwa ukucha. Masele akasema ni ukucha. Mashimba akaenda hadi langoni, akanong'ona.

"Umesema mwaka huu pamba itapanda bei," alijibu Masele, kifua mbele.

Alikuwa na haki ya kujivuna. Enzi za ushirika, katika kiwanda hiki hiki cha Bariadi, mashine za kuchambua pamba zilinguruma msimu mzima, watu wakawa wanaongea kwa mikono. Wenzake walijisokomezea pamba kavu masikioni, wakaona yatosha. Masele alikuwa amemsikia muuguzi akisema kwamba pamba kavu haizuii kitu. Yeye alivaa vile viziba masikio vikubwa vilivyotolewa na kiwanda, hata jasho lilipomtiririka shingoni.

"Rubani, leo unatua wapi?" walimtania.

Vilipovunjika, akachanganya pamba na nta ya nyuki, akaendelea kuziba.

Kisha ushirika ukafilisika, kiwanda kikafungwa, kila mtu akarudi kwao. Sasa watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na Mashimba alikuwa amekinunua kiwanda. Wabeba marobota walishapatikana. Ilibaki nafasi moja, ya fundi wa mashine, na mafundi wa zamani waliokuja kuitafuta walikuwa wawili: Masele na shemeji yake, Kasmiri.

Masele akiikosa, angerudi Lingeka kulima shamba la mdogo wake kama kibarua, na jioni kukaa pembeni akingoja kuitwa kula. Alishaishi hivyo tangu kiwanda kifungwe. Hakutaka tena.

"Bosi," aliuliza, ili aonekane mtu anayeijua kazi, "viziba masikio mtatupa?"

Mashimba aliyatazama masikio yake. "Wewe una akili sana," akasema, akatabasamu.

Ikawa zamu ya Kasmiri.

Kasmiri alikuwa mmoja wa wale wa pamba kavu. Siku hizi alisikiliza kwa macho, akiutazama mdomo wa mtu. Mkewe akimhitaji humrushia kijiwe. Asubuhi ile, wakiwa njiani, alikuwa amemshika Masele mkono.

"Shemeji!" alipaza sauti, hata ng'ombe waliokuwa wakinywa maji wakageuka. "Nimeambiwa wanapima masikio kwa kutikisa kiberiti. Simama mbele yangu. Ukisikia kitu, gusa pua. Nitajua la kusema!"

"Usinitangaze, nkoi, rafiki yangu," Masele alimjibu kwa midomo. "Nitagusa."

Angekataaje? Alipouza ng'ombe wake wote, Kasmiri ndiye aliyemwazima maksai wa kulimia, tena bila kuombwa.

Kiberiti kikatikiswa. Kasmiri akamkodolea Masele macho. Masele akatazama moshi wa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Ukucha ukakwaruza ukuta. Masele akatazama viatu vyake. Kisha pakawa kimya kabisa, Mashimba ameiweka mikono mfukoni, na Masele akagusa pua.

"Kiberiti!" alipiga kelele Kasmiri kwa furaha.

Violeth akajiziba mdomo, mabega yakimtikisika. "Jamani, baba wa watu!"

Kasmiri aliwageukia, akawaona wanacheka, naye akacheka pamoja nao.

"Ngojeni nje," alisema Mashimba.

Wakatoka, wakasimama kando ya ukuta wa mabati. Kasmiri alikuwa bado anatabasamu.

"Nimepatia, eti shemeji?"

Masele alitikisa kichwa kukubali. Moyo haukumuuma sana. Mtu mwenye maksai wake, alijiambia, atakufaje njaa?

Ndani, Mashimba alikuwa ameanza kuongea na Violeth kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa. Masele aliinamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye bati. Hakukosa hata neno moja.

"Mchukue huyo kiziwi. Yule mwingine ana masikio mazima, mashine zikimharibu atanipeleka mahakamani, na kazi hajapata ameshaanza kuulizia viziba masikio. Kiziwi atanidai nini? Mwite aingie, mashine zinawashwa sasa hivi. Asipoitika, nitaleta fundi kutoka Mwanza."

"Kasmiri!" aliita Violeth.

Kasmiri alikuwa ameukazia macho mdomo wa Masele.

"Wanasemaje, shemeji?"

Masele akamwekea mkono begani, akaifungua midomo yake polepole, neno moja moja, ili isomeke vizuri.

"Tumekosa wote. Twende nyumbani."

Walipofika njia panda ya Nkololo, Masele alikuwa bado anamsikia Violeth akiita.