Bega la Kushoto

"Vuta tena, mzee."

Lyle akavuta. Kamba ikakaza kwenye kifua cha dume la ng'ombe, nalo likapiga teke ubao wa kizimba mpaka vumbi likamwingia Lyle mdomoni. Akatema. Viganja vyake vilikuwa vinanata ulimbo, na tope la gotini lilikuwa bado bichi.

Akatazama ubao wa alama kwa mara ya kumi. Wa kwanza alikuwa na themanini na nane. Alibaki mpandaji mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa hapo chini yake, amekaa juu ya mgongo wa dume: Jace Whitlow, miaka kumi na tisa, ndevu tatu.

"Unatetemeka," Jace akasema.

"Ni dume linatikisa mbao."

"Mzee, unatetemeka wewe."

Miaka miwili nyuma Jace hakuweza kukaa juu ya dume hata muda wa kupiga chafya. Lyle alimkuta Nebraska, nyuma ya uwanja wa maonyesho, amelala kwenye gari lisilo na kioo, anakula biskuti zilizolowa mvua. Akampakia kwenye pikapu yake. Tangu siku hiyo walizunguka pamoja, Kansas, Wyoming, Texas, wakipokezana usukani na kugombania redio. Dogo alianza kwa kuanguka. Kisha akafika sekunde tano. Kisha nane, ambazo mpandaji asipozimaliza hapewi alama. Mwaka huu watoto walikuwa wanamkimbilia na kofia zao azisaini.

Na sasa fainali, Oklahoma. Mkanda wa bingwa ulikuwa mezani kwa waamuzi, bizimu yake kubwa kama kisahani cha chai. Miaka kumi na minne Lyle alikuwa akiuota mkanda ule. Bega lake la kushoto lilikuwa na skrubu mbili, na daktari alishamwambia: mwaka huu, halafu basi.

Orval, mshika lango, akatikisa kichwa. "Lyle, una roho wewe. Ningekuwa mimi, saa hizi ningejifanya nimebanwa na mkojo."

"Kazi yako lango, Orval. Mdomo funga."

Jace akacheka, lakini kicheko kikaishia njiani. Dume lilijibamiza ukutani, likambana goti.

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo, "hili linakwendaje?"

Dume lilikuwa linaitwa Mama Mkwe. Mwaka mzima hakuna aliyemaliza nalo sekunde nane. Mwezi wa sita lilimtupa Lyle kama gunia, ndipo zikaja zile skrubu. Akiwa nyumbani, mkono kifuani, aliirudia video ile polepole, labda mara arobaini, mpaka akakiona kitu. Hakumwambia mtu.

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama tena ubao. Themanini na nane.

"Mzee?"

"Linakwenda tu. Kama madume mengine."

Jace hakuuliza zaidi. Alivyomwamini! Akashusha kofia, akakunja vidole kwenye kamba, akavipiga ngumi vikazike vizuri. Kidevu kikaanza kushuka. Kichwa kikitingishwa tu, lango linafunguka.

"Subiri!" Lyle akamkamata fulana ya kinga. "Linadanganya. Linashusha bega la kushoto, kila mtu anaegemea kushoto, halafu lenyewe linazunguka kulia. Usifuate bega. Tazama nundu. Umesikia?"

"Mbona hukusema mapema?"

"Tingisha kichwa, dogo, kabla sijabadili mawazo."

Jace akatingisha.

Orval akavuta lango. Mama Mkwe likatoka likiwa hewani, likatua, likaruka tena. Bega la kushoto likashuka. Lyle akafumba macho, akafumbua. Dogo hakulifuata. Dume likageukia kulia kama pia, na Jace akazunguka nalo, mkono mmoja juu, mgongo umenyooka, kofia imeshapotea. Sita. Saba.

Kengele.

Jace akaangukia magoti, akainuka mbio, akapanda uzio huku watu elfu kadhaa wamesimama. Lyle aligundua kwamba anapiga kelele na yeye. Koo lilikuwa linamuuma.

Halafu kila jicho likageukia ubao. Taa zikapepesa. Themanini na tisa.

Orval akavua kofia. Akamwekea Lyle mkono begani, lile zima, akauacha hapo.

"Bingwa mpya," mtangazaji akapasua spika, "Jace Whitlow! Na wa pili, kwa tofauti ya alama moja tu, mtu aliyekuwa anaongoza tangu asubuhi... mpigieni makofi, Lyle Stroud!"